Boti ya rimoti ikizama, usimtume mtoto. Tuma ndoana yenye macho

Ndugu Mhariri,

Boti ya rimoti ikizama, neno la kwanza kusikika ufukweni ni "Nani anajua kupiga mbizi?" Anayejitokeza huwa mtoto. Anavua shati, anaahidiwa soda, anaingia. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria maji hayo yana kichocho, ugonjwa ambao haungoji mtu ayanywe: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Kuna sehemu zina mamba. Kwenye malambo, chini ni tope la kushika mguu na vipande vya nyavu kuukuu. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa na roboti ndogo ya majini, ambayo fundi redio yeyote anaweza kuiunda, na kwa nini nyingi zinazoundwa hushindwa siku ya kwanza tu.

Kosa la kwanza huanzia kwenye karatasi. Vijana wengi huchora roboti yenye mikono miwili, ikumbatie boti na kupanda nayo. Haitapanda. Mota moja ya volti 12 yenye propela ndogo husukuma kwa nguvu ya nusu kilo, ikijitahidi sana kilo moja. Sasa chukua boti ya kilo 3: kilo moja ya ganda la fibaglasi, kilo moja ya risasi ya kuisawazisha, na kilo moja ya betri na mota. Ndani ya maji ganda linabaki na uzito wa gramu 450 hivi, risasi gramu 910, betri na mota gramu 600 na ushei. Jumla ni kama kilo 2, na tope bado linaivuta chini. Kwa hiyo roboti ichukuliwe kuwa ndoana yenye macho. Kazi yake ni kufika, kuona, kutundika kamba na kuondoka. Kuvuta ni kazi ya mkono wa mtu aliye juu.

Hata wakubwa walifanya hivyo. Mwaka 1966, ndege mbili za jeshi la Marekani ziligongana angani na bomu moja la nyuklia likaanguka baharini karibu na kijiji cha Palomares, Hispania. Lilipandishwa kutoka kina cha zaidi ya mita 800 kwa msaada wa CURV, roboti iliyokuwa imeundwa kuokota topido za majaribio. Kazi ya CURV ilikuwa kufunga kamba kwenye parachuti ya bomu. Ikafunga, kisha ikanaswa yenyewe katika parachuti ile ile, ikabidi vyote viwili vivutwe juu pamoja. Tutarudi kwenye kunaswa.

Fremu haina ugumu kuiunda. Urefu sentimita 30, upana 25, kimo 20, bomba la nusu inchi. Mita 3 zinatosha pamoja na elbo na tii. Kona za njia tatu ni adimu madukani, basi unganisha elbo na tii, pembe zitakaa vizuri tu. Bomba la PVC huzama lenyewe, lile la PPR la kuchomelea kwa joto huelea kidogo. Chagua moja ujue hesabu yako. Kwa vyovyote toboa matundu ya milimita 5 kwenye kila kipande, juu na chini, maji yaingie na hewa itoke. Fremu isiyotobolewa huvuja taratibu kwenye maungio, na roboti iliyokuwa inaelea vizuri asubuhi hukaa chini mchana bila sababu inayoonekana.

Mota zinahitajika tatu: mbili za kwenda mbele na nyuma, zikiwa kulia na kushoto, na moja ya wima katikati. Njia rahisi ni kununua pampu ndogo za volti 12 za kukumbia maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ndani ya boti, zile zinazouzwa kwa wenye boti za kweli. Mota yake imeshafungwa isipitishe maji. Unaondoa kikombe cha plastiki na gurudumu la kusukumia maji, unabaki na mhimili, unaweka propela. Njia ya bei nafuu zaidi ni ile ya SeaPerch, mpango wa mafunzo ulioanzishwa mwaka 2003 katika chuo cha MIT, Marekani: mota ndogo ya kawaida huwekwa ndani ya kopo dogo na kuzungushiwa nta, mhimili unatokeza kwenye tundu la kifuniko. Nta ya nyuki inafaa. Iyeyushe ndani ya maji moto wala si juu ya jiko, maana huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi na ikizidi sana hupenya ndani ya mota. Kabla ya kumimina, ziba matundu yote ya mota kwa selotepu ya umeme. Fundi akisahau hapo, mota hujaa nta na haizunguki tena.

Hatua inayoua roboti nyingi ni waya. Rimoti ya boti hutumia mawimbi ya 2.4 gigahezi, na mawimbi hayo hufa ndani ya maji kabla hata ya kufika kimo cha goti. Kwa hiyo roboti lazima iwe na mkia, waya wa mita 20 kutoka ufukweni. Mafundi wengi hukimbilia waya wa mtandao wa kompyuta kwa sababu una nyuzi nane na ni rahisi kupatikana. Roboti inajaribiwa kwenye ndoo kwa waya wa mita moja, inaruka kama samaki. Inapelekwa lamboni na mkia wake kamili, inasinzia.

Hesabu yake ndiyo hii. Uzi mmoja wa waya huo una upinzani wa omu 0.084 kwa kila mita. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 3.4. Mota inayotaka ampea 3 kwa volti 12 ni kama omu 4. Maana yake karibu nusu ya umeme unaishia njiani ukipasha waya joto; motani zinafika volti 6 na kidogo, na nguvu inashuka chini ya theluthi. Ukiongeza na udanganyifu wa madukani, hali ni mbaya zaidi: waya nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Waya wa mtandao unafaa kwa zile mota ndogo za kwenye nta, zinazokula chini ya ampea moja. Kwa mota za pampu tafuta waya wa tela wa nyuzi saba, wa milimita moja ya mraba, unaouzwa kwenye vipuri vya magari. Nyuzi sita zinatosha mota tatu, mmoja unabaki wa akiba. Kwa mita 20 upinzani wa jozi moja hauzidi omu 0.8, yaani unapoteza volti 2 na kidogo. Swichi zote zinabaki juu mkononi mwako, swichi tatu za kurudi katikati zenyewe, zenye uwezo wa kugeuza umeme mbele na nyuma. Ndani ya roboti hakuna saketi yoyote ya kuendesha mota, na kisicho na saketi hakiungui kwa maji. Wapo watakaocheka kwamba kitu hicho hakistahili jina la roboti. Wacheke, boti itatoka.

Betri ni ya kufungwa, volti 12 na ampea-saa 7, kama zile za king'ora na za UPS ya kompyuta. Inatoa dakika 30 hadi 40 za kazi. Fyuzi iwekwe ndani ya sentimita 30 kutoka ncha chanya ya betri, si kule mwisho wa waya. Ukubwa wake ni mara moja na nusu ya umeme unaotumika: mota tatu zikila jumla ya ampea 9, weka fyuzi ya 15. Adapta ya umeme wa nyumbani isisogezwe kabisa karibu na maji, hata kwa majaribio ya dakika mbili.

Mkia huo ni mzito na utaburuza tope. Ufunge vipande vya ndala kuukuu kwa kebo tai kila nusu mita, ukipunguza na kuongeza mpaka waya ukae katikati ya maji bila kupanda wala kushuka. Kwenye roboti yenyewe tumia maboya magumu ya nyavu, kwa sababu povu la ndala hubanwa na kina. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 5 povu laini hupungua unene, roboti inazidi kuwa nzito, inashuka zaidi, inabanwa zaidi.

Maboya yakae juu kabisa ya fremu na chubwi chini kabisa, kwenye miguu. Umbali kati yake ndio unaoizuia roboti isipinduke. Pima kwenye pipa la lita 200. Kipimo kizuri ni roboti kutokeza mgongo tu, ikielea kwa ziada ya gramu 50 hadi 100. Wengi hutaka ielee sawasawa kabisa, au izame kidogo "ili ishuke haraka". Hapo ndipo wanapojiharibia. Roboti inayoelea kidogo husukumwa chini na mota ya wima, na maji ya propela yanarushwa juu. Roboti nzito lazima ijinyanyue muda wote, maji yanarushwa chini kwenye tope, na kwa sekunde tano picha yote ni uji wa ulezi. Tope hilo kwenye lambo lisilo na mkondo hukaa dakika kumi na zaidi kabla ya kutulia. Ukihamia baharini, ongeza chubwi: roboti inayochukua nafasi ya lita 4 za maji inahitaji gramu 100 zaidi, kwa ajili ya chumvi.

Kamera iwe ile ya kurudia nyuma ya gari. Ni ndogo, ya volti 12, na picha yake inafika juu papo hapo kupitia waya wa kamera za ulinzi wenye umeme na picha pamoja. Ipe betri yake ndogo, la sivyo kila ukiwasha mota picha itajaa michirizi. Hakikisha ni ya kuweza kuondoa mgeuzo wa kioo, kwa sababu kamera ya nyuma huonyesha kulia kuwa kushoto, na dereva atazunguka boti mpaka betri iishe. Kinga iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. IP67 ni mita moja kwa nusu saa. Iweke ndani ya kifuniko cha bomba la inchi mbili, mbele kioo cha pleksi cha milimita 5, nyuma ijazwe gundi ya epoksi. Dirisha liwe dogo. Dirisha la kipenyo cha sentimita 10 kwenye kina cha mita 5 hubebeshwa uzito wa karibu kilo 39, la sentimita 4 kilo 6 tu.

Epoksi imiminwe kwa tabaka za sentimita moja, ukisubiri kila moja ipoe. Ukimimina kikombe kizima kwa pamoja huchemka yenyewe, hupasuka, na wakati mwingine huyeyusha kamera. Kisha kuna wizi wa maji ambao mafundi hawauoni. Uzi wa waya ni nyweleza nyingi, yaani nyuzi nyembamba kama nywele, ndani ya ganda la plastiki, na kati ya nyweleza hizo kuna nafasi. Ganda likichanika mita tatu nyuma ya kamera, maji yanafyonzwa ndani kama soda kwenye mrija, yanapita katikati ya epoksi yako safi na kutokea kwenye kamera. Dawa yake: kabla ya kumimina, menya sentimita moja ya kila uzi pale utakapozama katika epoksi, lehemu hapo mpaka nyweleza ziwe kitu kimoja, ndipo umimine. Maji yakifika hapo yanakuta ukuta. Na silikoni inayonuka kama siki usiiweke karibu na shaba, italika na kuwa kijani. Ipo isiyonuka, uliza hiyo. Gundi ya moto ya bunduki haishiki kabisa chini ya maji.

Ukitazama majini kupitia kioo bapa, kitu huonekana kimesogea karibu kwa robo ya umbali wake, na kamera ya nyuzi 120 hubaki na upana wa nyuzi 80 hivi. Dereva asiyejua hili husimama kabla ya kuifikia boti akidhani ameigusa. Taa mbili za LED ziwekwe pembeni, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye lenzi, zikimulika kwa mshazari. Taa iliyo juu ya lenzi humulika chembe za tope, utaona theluji tupu. Skrini nayo ifunikwe kwa boksi la katoni lililopakwa rangi nyeusi ndani. Jua la saa sita hufuta picha yote, na roboti nzuri huonekana haina kazi.

Sasa ndoana. Chukua kulabu ya chuma kinachoshikwa na sumaku, yenye ulimi wa kujifunga kama ya mnyororo wa mbwa lakini kubwa zaidi, mdomo wa sentimita 3. Ifungie kamba ya nailoni ya milimita 3, ndefu kuliko mkia. Shina la kulabu lichomekwe, bila kukazwa, kwenye kipande cha bomba kinachotokeza sentimita 15 mbele ya kamera, na lishikizwe na sumaku ndogo. Unasukuma kulabu kwenye boti, ulimi unajifunga, unarudi nyuma, sumaku inaachia. Kulabu imebaki kwenye boti, roboti iko huru. Jaribu kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki: sumaku iachie kwa gramu 200 hadi 300. Ikitaka nguvu zaidi ya mota zako, mmefungwa pamoja kama CURV na bomu.

Kabla ya kuteremsha chochote, mahali pajulikane. Boti inapozama, watu wawili waliosimama mbalimbali, kama mita 20, kila mmoja abaki pale pale alipo na ashike alama ng'ambo iliyonyooka na pale ilipopotelea: mti, mnara, paa. Mistari miwili ikikatana ndipo ilipo. Wavuvi hufanya hivi kurudi kwenye mwamba uleule, nao hawana kifaa. Dondosha chubwi yenye boya hapo, roboti ianze kutafuta kuanzia kwenye kamba ya boya hilo na kuzunguka, kila mzunguko ukipanuka kwa mita moja. Iende sentimita 30 juu ya tope. Anayeshika mkia ana kazi kubwa kuliko dereva: asiache waya uliolegea, asivute, na ajue kila wakati roboti imepita upande gani wa boya. Roboti irudi kwa njia ile ile iliyoendea. Penye magugumaji usijaribu kupita chini yake, mizizi inaning'inia na propela itaisokota mpaka fyuzi ikatike.

Kulabu ikishashika, vuta polepole na kwa mshazari kwanza, ili tope liachie. Boti ikifika usoni pa maji, simama. Ganda la mita moja linaweza kuwa na lita 8 za maji, ambazo chini hazikuwa na uzito na sasa ni kilo 8 zinazoning'inia kwenye reli ya waya ya sitaha iliyoshikwa na kulabu. Hapo ndipo sitaha hung'oka. Ingiza chini yake wavu au beseni lenye matundu, iinamishe, maji yatoke, ndipo uinyanyue.

Yote haya yangekuwa mepesi kama boti zenyewe zingeundwa kwa kukumbuka kwamba zitazama. Pete mbili za waya wa milimita 2 usioshika kutu, moja omoni (mbele) na moja tezini (nyuma), zikiwa zimefungwa kwenye ganda na si kwenye sitaha, zinampa dereva wa roboti mahali pa kulenga. Na boya dogo lililozungushiwa mita 10 za mshipi, likakaa bila kufungwa ndani ya kikombe kilicho wazi juu ya sitaha, litaelea lenyewe boti ikishuka. Wanaopiganisha manowari za rimoti huko Marekani hubeba boya la namna hii kwa sababu kuzama ndio mchezo wenyewe. Waandaaji wa mashindano ya boti za rimoti wanaweza kuyaandika mambo hayo mawili katika masharti yao, pamoja na la tatu: hakuna mtu wa kuingia majini kufuata chombo.

Boti ikishatoka, ondoa betri kwanza. Ikiwa ni ya lithiamu na ilizama, hasa baharini, isirudishwe nyumbani wala isichajiwe. Iwekwe nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, maana inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye ikiwa imeshaonekana imepoa. Vifaa vingine visuuzwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, vikaushwe kivulini siku mbili, ndipo viguswe na umeme. Mota za roboti nazo zizungushwe dakika moja ndani ya ndoo ya maji safi siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijaanza kula mhimili.

Wasomaji wako,
Mafundi wawili wa boti za rimoti,
Mwanza